Nikirudi, Mtanipokea?



Dominika ya nne ya Pasaka ni Dominika ya Mchungaji Mwema, na tangu mwaka 1964, kwa agizo la Papa Paulo VI, Kanisa zima huitumia siku hiyo kuombea miito. Hapa Mkiwa tuliiadhimisha kama ilivyo desturi: nia katika sala ya waamini, mchango wa pekee, watoto wa Utoto Mtakatifu wakaimba. Baada ya Misa tulisimama nje, tukaulizana habari za alizeti na bei ya kuku kule barabarani, kisha kila mtu akaenda zake. Kuombea miito kwa ujumla hakumchoshi mtu. Kazi huanza pale wito unapokuja kwa miguu yake na kubisha hodi.

Juma lililofuata ulibisha hodi. Binti mmoja wa jumuiya zetu, aliyemaliza kidato cha sita, alitujia akiomba barua ya paroko ili apokelewe katika shirika moja la masista. Hatutalitaja jina lake wala la shirika. Anayefahamu na afahamu, ila anyamaze. Barua yenyewe ni karatasi moja tu. Sheria ya Kanisa inataka cheti cha ubatizo na cha kipaimara, pamoja na uthibitisho kwamba mwombaji yu huru, hafungwi na ndoa wala na shirika lingine. Hayo tungeyamaliza kwa nusu saa. Lakini walezi huomba pia paroko aseme neno lake juu ya mwombaji, na hapo kalamu yetu ilisimama.

Tulimwuliza swali ambalo kila padre huuliza: kwa nini utawa? Alijibu kwamba anapenda kusali, anapenda utulivu wa kikanisa cha masista, na anapenda wanavyoimba Masifu ya Jioni kwa sauti moja. Jibu hilo ni zuri, lakini linajibu swali la sala, nalo swali la utawa bado linangoja. Mtu aweza kupenda sala kwa moyo wote akabaki nyumbani kwao. Mtakatifu Katarina wa Siena, ambaye Kanisa linamheshimu kama Mwalimu, hakuwa mtawa wa konventini. Aliishi katika nyumba ya wazazi wake, akasali humo, akahudumia wagonjwa, akawaandikia Mapapa barua kali.

Sista ni mtu anayesali pamoja na watu ambao hakuwachagua. Hilo ndilo ambalo vijana wetu hawaambiwi vya kutosha, labda kwa sababu katika picha za sherehe za nadhiri masista wote wanatabasamu. Anayeolewa amemwona mume wake, na mara nyingi amemchagua. Sista hupewa wenzake kwa barua ya uhamisho. Huyu anakoroma, yule anataka taa izimwe mapema, mwingine ametoka katika kabila ambalo nyumbani kwenu lilisemwa vibaya, na mkubwa wa nyumba huenda ni mdogo kwako kwa miaka kumi. Wahenga walisema vyombo vikikaa pamoja havina budi kugongana. Katika konventi vyombo hukaa pamoja miaka hamsini, na kabatini huongezwa vingine kila mwaka.

Wageni wanaoshuka basi hapa kwenye njia panda ya kwenda Itigi hututania kwa jina la mahali petu, wakituuliza kama sisi sote ni wakiwa. Asili ya jina hilo si mada ya leo, lakini neno lenyewe twalijua: mkiwa ni mtu aliyeachwa peke yake, asiye na ndugu wa kumwegemea. Zaburi ya 68 inamsifu Mungu kwa kuwa huwapatia wapweke makao. Basi wapo wanaodhani kwamba konventi ni makao ya namna hiyo, mahali pa kuponea upweke. Katika miaka yetu ya huduma tumeona mara nyingi kwamba anayeingia kwa ajili hiyo huukuta upweke wake umetangulia kufika. Anayefaa ni yule anayeweza kukaa peke yake bila kulalamika, na kukaa na wengine bila kuwachosha. Watu wa namna hiyo si wengi, hata miongoni mwa mapadre.

Tulimwuliza pia jambo la pili, nalo wengi huona haya kuliuliza: je, kuna posa? Akainamisha kichwa. Posa ilikuwapo, na mazungumzo ya ng'ombe yalikwisha kuanza, naye hakuitaka. Tukamwuliza, "Sasa wewe unakwenda, au unakimbia?" Hakujibu. Aliomba muda, akaenda, akarudi baada ya siku nane, akatuamkia, akakaa, akasema, "Vyote viwili, Padre."

Jibu hilo lilitutia moyo kuliko yale ya Masifu ya Jioni. Sababu za binadamu huja zimechanganyika, na wito si kitu kinachoshuka kikiwa kimepepetwa tayari. Yuko anayevutwa na elimu ambayo shirika humpa. Mwingine ni mtoto wa mama aliyeweka nadhiri kama Hana, ila Samweli wa siku hizi ana kidato cha sita na yafaa aulizwe mwenyewe. Tunajua hata mmoja aliyevutwa na shela jeupe tu, naye leo ni sista hodari. La hatari ni sababu inayofichwa, kwa kuwa itatoka siku ambayo hakuna mtu wa kuipokea.

Kanisa limelichukulia jambo hili kwa uzito kuliko tunavyodhani. Kadiri ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983, anayepokelewa unovisi kwa kulazimishwa, kwa hofu kubwa au kwa udanganyifu, mapokezi yake ni batili. Asiyetimiza miaka 17 hapokelewi. Unovisi wenyewe hauwezi kupungua miezi 12, na mnovisi aweza kuondoka kwa hiari yake, kama vile shirika nalo laweza kumrudisha. Nadhiri za kwanza ni za muda, si chini ya miaka mitatu wala zaidi ya sita, na kwa sababu maalumu muda huo waweza kuongezwa hadi jumla ya miaka tisa. Ndipo zije nadhiri za daima. Tangu binti afike na begi lake mpaka siku hiyo, miaka minne ni kidogo. Mara nyingi ni minane au zaidi. Katika muda huo wote mlango uko wazi pande zote mbili. Hivyo ndivyo sheria ilivyopangwa, kwa kuwa ndiyo inayotoka kwa mtu asiyeweza kusema hapana haina thamani.

Mtakatifu Yosefina Bakhita alilijua hili kuliko sisi. Aliibwa utotoni huko Sudan, akauzwa na kuuzwa tena, mwisho akafika Italia. Tarehe 29 Novemba 1889 mahakama ya Venice ilitamka kwamba yeye si mtumwa wa mtu. Ndipo akachagua kubaki na masista wa Kanosa. Mwaka 1893 akaingia unovisi, na mwaka 1896 akaweka nadhiri. Mahakama kwanza, kisha unovisi.

Basi tukaenda kwa baba wa binti. Ni mzee wa Kinyaturu, mkulima wa alizeti na uwele, msema kidogo. Alitupokea chini ya mti, tukaletewa maji. Mambo ya ng'ombe aliyamaliza mwenyewe kwa maneno machache: posa haijapokelewa, hakuna deni. Akauliza kama binti akiwa sista muuguzi ataweza kuwasaidia nyumbani. Hatukutaka kumpamba kwa maneno. Tulimwambia kwamba anachopata mtawa kwa kazi yake ni mali ya shirika, kwamba nadhiri ya ufukara si jina tu, na kwamba asimhesabie mshahara katika ada ya wadogo zake. Shirika laweza kuwakumbuka wazazi wenye shida kubwa, lakini ni kwa huruma, wala si kwa mkataba. Alitikisa kichwa, akaendelea kuchora ardhi kwa fimbo. Kisha akasema neno ambalo ndilo lililotufanya tuandike tafakari hii.

"Padre, binti aliyeolewa akirudi nyumbani, najua la kufanya. Nitawaita wazee wa upande wa pili, tutakaa, tutasemezana, ikibidi tutarudisha ng'ombe. Huyu akirudi kutoka kwa Mungu, nitamwita nani?"

Mzee alikuwa na sababu ya kuuliza. Katika kituo kimoja tulichohudumia miaka ya nyuma, mbali na hapa, tulimwona msichana aliyerudi baada ya mwaka mmoja na nusu wa malezi. Yeye na mlezi wake walikwisha kuona kwamba maisha ya jumuiya hayakuwa yake. Waliachana kwa amani, na barua ya mlezi tuliisoma sisi wenyewe, ilikuwa ya upendo. Lakini siku ya tatu maneno yalianza. Mara ana mimba, mara ameiba, mara amerukwa na akili. Kwaya ikamwambia asubiri kwanza. Kanisani benchi alilokaa lilibaki na nafasi. Tulihubiri, tukakaripia, tukaenda kunywa chai nyumbani kwao mchana kweupe ili watu waone. Hata hivyo kabla mwaka haujaisha aliondoka kwenda mjini kwa shangazi yake, na hakurudi tena pale. Hakuwa na kosa lolote. Alifanya hasa kile ambacho unovisi umewekwa kwa ajili yake, yaani kupima, kisha akaadhibiwa kwa kupima.

Mabinti waliobaki pale waliliona jambo hilo, wakajifunza. Mmoja alijifunza kutokwenda kabisa. Mwingine, na hili ni zito zaidi, atajifunza kutorudi: atakaa katika utawa usio wake, ataweka nadhiri za daima kwa kuogopa midomo ya majirani, na masista watakaoishi naye watalipa gharama hiyo kwa miaka arobaini. Kila konventi yenye sista mwenye uchungu usioelezeka yafaa iulizwe kama mlango wa kurudi kwao ulikuwa wazi.

Tulimjibu mzee kwa kumwonyesha Makiungu. Mahali hapo pamo katika wilaya yetu hii ya Ikungi, na akina mama wengi wa huku wamejifungulia katika hospitali yake. Masista Wamisionari Watabibu wa Maria, tunaowaita kwa ufupi MMM, walianza kazi pale mwaka 1954. Ila wengi hatujui wametokana na nani.

Mwanzilishi wao ni Marie Helena Martin, aliyezaliwa Dublin, Ireland, mwaka 1892. Katika vita kuu ya kwanza aliuguza majeruhi huko Malta na Ufaransa. Mwaka 1921 alikwenda Calabar, Nigeria, akiwa mlei, na huko aliona akina mama wakifa kwa uzazi na watoto wachanga wakifa pamoja nao. Akaona kazi yake ndiyo hiyo, na akaona aifanye akiwa sista kati ya masista. Lakini sheria ya Kanisa ya wakati ule haikuwaruhusu watawa wenye nadhiri kufanya kazi ya ukunga. Kile alichodhani Mungu anamwita kukifanya, Kanisa la Mungu lilikuwa limekikataza.

Alijaribu njia iliyokuwapo. Askofu Joseph Shanahan alikuwa ameanzisha shirika jipya la masista huko Killeshandra mwaka 1924, naye akaingia malezi. Lilikuwa shirika jema, na limefanya mema mengi Afrika. Lakini aliona kwamba kazi anayoitiwa si kazi ya nyumba ile, akaondoka kabla ya kuweka nadhiri. Akaomba kwa Wakarmeli, hakupokelewa. Kisha likaja gonjwa la muda mrefu. Hebu tumweke mwanamke huyo hapa kijijini kwetu: umri umepita miaka 30, hana mume, konventi moja ameiacha, nyingine imemkataa, amelala mgonjwa. Tunajua angeitwa nani.

Yeye aliendelea kungoja, na kungoja kwake hakukuwa kwa uvivu, kwa maana alitafuta wenzake wawili watatu wakasali na kufanya kazi pamoja, jumuiya kabla ya jumuiya. Mwezi Februari mwaka 1936, Propaganda Fide, idara ya Roma iliyosimamia umisionari wakati huo, iliwaruhusu watawa kufanya kazi ya utabibu pamoja na uzazi. Tarehe 4 Aprili 1937 Marie Martin aliweka nadhiri zake huko Port Harcourt, Nigeria, akiwa mgonjwa kitandani hospitalini, umri wake ukikaribia miaka 45. Hiyo ndiyo siku ya kuzaliwa kwa shirika. Alifariki mwaka 1975, na kabla ya hapo masista wake walikwisha kuhudumu Makiungu miaka zaidi ya ishirini.

Kwa hiyo tulimwambia mzee kwamba wajukuu wake waliozaliwa Makiungu wamezaliwa katika hospitali iliyotunzwa na masista wa mwanamke aliyerudi kwao kutoka konventini. Alikaa kimya kitambo. Kisha akauliza, "Na baba yake alisemaje?" Tukamweleza kwamba baba yake alikuwa amefariki tangu Marie akiwa msichana, aliyekuwapo ni mama yake.

"Mama alimfungulia mlango?"

"Alimfungulia."

Hakuuliza zaidi siku ile.

Kuhusu binti mwenyewe, tulimshauri aende kwanza kuona. Mashirika mengi huwa na siku za namna hiyo, yanaziita Njoo Uone, nazo ni njema, isipokuwa mara nyingi wageni hupewa chai nzuri na nyimbo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tuliwaomba masista wamkaribishe wiki nzima na wampe jembe tangu siku ya kwanza. Walicheka, wakakubali.

Aliporudi tulitaka kusikia habari za jikoni kuliko za kikanisa. Akasimulia kwamba alipangiwa kuosha masufuria pamoja na sista mmoja mzee, ambaye asubuhi nzima hakumjibu neno hata moja. Alijiona amechukiwa, mchana akalia chooni. Jioni mpostulanti mmoja akamwambia kwamba sista yule hasikii vizuri sikio la kushoto, na upande wa kushoto ndiko yeye alikokuwa amesimama. Kesho yake akahamia kulia. Waliongea mpaka masufuria yakaisha, na mengi ya maneno ya sista mzee yalikuwa malalamiko juu ya chumvi.

Tulimwuliza alijisikiaje usiku ule wa kwanza. "Nilitaka kurudi nyumbani, Padre. Halafu nikataka nione kesho atakuwaje."

Hayo mawili, kutaka kurudi na kutaka kuiona kesho ya mtu mwingine, tumeyaandika katika barua karibu kama alivyoyasema. Hatukuandika kwamba ana wito, kwa kuwa hatujui, na kulijua hilo ni kazi ya miaka ambayo sheria imeiweka. Tumeandika kwamba yu huru, kwamba husema ukweli hata unapomwaibisha, na kwamba aweza kuhamia upande wa kulia. Sentensi hiyo ya mwisho huenda mlezi ataishangaa, atamwuliza mwenyewe.

Viongozi wa jumuiya yake tumekaa nao pia, pamoja na mwenyekiti wa kwaya. Tumewaomba jambo moja mapema, kabla halijahitajika: akirudi kwa likizo, au akirudi moja kwa moja, nafasi yake katika sauti ya pili iwepo Jumapili hiyo hiyo, bila kikao. Mwenyekiti aliuliza kama tuna mashaka naye. Tukamjibu kwamba hatuna, na kwamba ndiyo maana tunaliomba sasa.

Anaondoka mwezi wa saba. Orodha ya vifaa imekuja: shuka, ndoo, jembe, Biblia, viatu vya kazi, godoro. Baba yake amekwisha kununua godoro jipya Singida mjini, ingawa binti anacho kitanda chenye godoro zima. Tulipomwuliza sababu alisema lile la nyumbani libaki mahali pake. Nauli na ndoo bado. Mwenye chochote amwone mhazini wa jumuiya yao siku ya Alhamisi saa kumi jioni, wala asituletee sisi, maana fedha zikikaa kwetu huchanganyika na za paa.